Kadi Nene ya Shangazi

Wakati wa likizo, kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kufagia studio ya shangazi na kupangusa viti vya wateja. Shangazi alikuwa mpiga picha. Kamera yake ilikuwa ya zamani, nzito kama tofali, na ilitumia kadi nene ya kuhifadhia picha, iliyokaribia ukubwa wa kiberiti. Kadi ya picha ya simu yangu ilikuwa ndogo kama ukucha.

Siku hiyo shangazi alitoka kwenda kununua karatasi za picha. Mimi nikatamani kujipiga picha kwa ile kamera, kisha niziweke kwenye simu. Nikajiambia, kadi ni kadi tu. Nikaitoa ile nene na kuisukuma yangu ndani ya tundu. Ikaenda upande, ikakwama. Niliichokonoa kwa kibano mpaka ikatoka, nikairudisha kadi nene, nikashika ufagio.

Shangazi aliporudi akawasha kamera. Kioo kikaandika: Hakuna kadi.

"Haiwezekani!" alisema. "Picha za darasa la saba zimo humu! Watoto thelathini na wanane, na wameshatawanyika likizo. Mwalimu mkuu anapeleka fomu za mtihani leo saa nane!"

Akaitoa kadi, akaipuliza, akairudisha. Hakuna kadi. Akaisugua kwa upindo wa gauni. Hakuna kadi. Nami nikaendelea kufagia mahali palepale.

Tukabeba kamera na kadi, tukaanza kuzunguka madukani. Muuzaji wa kwanza alicheka. "Mama, hii umeichimbua wapi? Siku hizi ni hizi ndogo." Wa pili alikuwa na kifaa cha kusoma kadi bapa, lakini yetu haikuingia. Wa tatu hakutaka hata kuishika.

"Kila chombo na kadi yake!" shangazi alifoka njiani. "Hawa watengenezaji hawana wazazi wa kuwakanya?"

Saa saba tulifika kwa fundi wa vifaa vya umeme.

"Watengenezaji walikuwa wakishindana, dada," fundi alisema. "Kila mmoja alitoa kadi ya umbo lake, ili ukishanunua chake usiende kwa mwenzake. Ndogo zikashinda. Unajua tena, fahali wawili wakipigana..."

"Nyasi ndiyo mimi," shangazi alimkatiza. "Nisaidie, baba, muda unakwenda."

Fundi aliigeuzageuza kadi. "Hii imekufa. Nitapasua ganda lake nione kama kuna cha kuokoa. Lakini siahidi kitu."

Akachukua kisu. Ncha yake ikagusa ukingo wa kadi.

"Usipasue!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kadi ni nzima. Mimi ndiye niliyeharibu tundu la kamera. Niliingiza kadi ya simu."

Shangazi alinigeukia polepole. "Umenizungusha mji mzima na ulikuwa unajua?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuweza kumtazama.

Fundi alimulika ndani ya tundu. Humo mlikuwa na safu za sindano nyembamba zinazoingia kwenye vitundu vya kadi. "Alaa! Mbili zimelala." Alizinyanyua kwa ncha ya pini, taratibu, huku shangazi akitazama saa ya ukutani. Ya pili iligoma mara tatu kabla ya kusimama.

Kamera ikawashwa. Akatokea mvulana mwenye kola iliyopinda, kisha mwingine, mpaka wote thelathini na wanane.

Tulizichapisha mbio na kufika shuleni saa nane na dakika kumi. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni na bahasha, amekunja uso.

"Mweleze wewe kwa nini tumechelewa," shangazi aliniambia. Nilimweleza yote, masikio yakiwaka moto. Alizipokea picha bila kutabasamu.

Kwenye geti shangazi alisimama. Bado alikuwa na hasira, lakini alisema kwa sauti ya chini, "Kuharibu kifaa si ajabu, hata mimi nimeharibu vingi. Lakini fundi hutibu kile anachoambiwa. Ukimficha jeraha la mguu, atakukata mkono."