Kikapu Ndani ya Friza

Inatangazwa kwa umma wote, wanaosoma na wanaosomewa, ya kwamba hadithi hii ni ya mapenzi mazito, yaliyoanza pale macho yalipokutana na macho katikati ya umati, na dunia ikasimama kutazama.

Dunia haikusimama. Ilikuwa saa nane mchana katika mtaa wa maduka ya umeme, redio kumi zikishindana kwa kelele, na macho ya Mhifadhi hayakukutana na macho ya mtu. Yalikutana na kikapu.

Mhifadhi tunamwita hivyo kwa sababu ya kazi yake: alihifadhi vitu vya kale katika jumba la makumbusho. Siku hiyo alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, na mifuko imejaa penseli. Alikuwa ametumwa kununua balbu. Balbu zikasahaulika papo hapo.

"Kaka! Kaka, samahani, simama!"

Mwenye kikapu akageuka. Kijana mrefu, ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka ikachoka.

"Hicho kikapu umekipata wapi?"

"Watu huanza na salamu, dada. Wewe unaanza na upelelezi."

"Habari za mchana. Hicho kikapu umekipata wapi?"

Kijana akacheka. "Kwa bibi yangu, kasuka mwenyewe. Mimi fundi wa majokofu, nabebea koleo na spana."

"Unabebea spana!" Mhifadhi akashika kifua kama aliyepewa habari za msiba. "Sisi tunavyo vitatu vya namna hii ndani ya kabati la vioo. Ukingo umekunjwa hivi hivi, kuelekea kushoto. Na kwenye kibao tumeandika: Msusi hajulikani."

"Hajulikani?" Fundi nusura aangushe spana zake. "Leo tu amenipigia simu mara nne kuniuliza kama nimekunywa chai!"

Bibi huyo alikuwa wa watu wa mabwawani, waliokuwa wakikata mafunjo na kusuka vikapu mahali pale kabla mji haujajua kwamba utakuwa mji. Jumba la makumbusho lilikuwa likiandaa ukumbi mpya juu yao, na kwa miaka miwili hakuna aliyekumbuka kuwaita. Mhifadhi akaenda kwa mkurugenzi, akasema, akasema tena, mpaka mzee wa watu akachoka kusikia. Wiki iliyofuata wasusi sita waliketi kwenye meza ndefu ya mikutano, Bibi akiwa mbele, kitenge begani, miwani puani. Fundi alikaa nyuma yao akijifanya amekuja kukagua kiyoyozi.

Bibi alisoma vibao vyote vilivyoandaliwa, taratibu, mpaka cha mwisho.

"Mmetuandika vizuri sana," alisema. "Kama marehemu."

Vibao vikachanwa, kazi ikaanza upya. Wasusi walichagua wenyewe nini kionyeshwe na nini kibaki nyumbani. Mhifadhi akaandika makubaliano ubaoni, kwa mkono wake, kwa herufi za kuonekana kutoka mlangoni: Hakuna kitakachofanyiwa lolote kabla mwenyewe hajaulizwa.

Na kiyoyozi nacho, ajabu ya Mungu, kilihitaji kukaguliwa kila wiki. Baada ya mwezi Fundi na Mhifadhi walikuwa wakipigiana simu hata wakiwa jengo moja.

"Uko wapi, Mama Vioo?"

"Pale pale uliponiacha dakika kumi zilizopita, Baba Barafu."

"Umenikumbuka?"

"Nimekumbuka bisibisi yako. Umeisahau juu ya meza yangu."

"Sijaisahau. Nimeiweka dhamana."

Siku tisa kabla ya ufunguzi Bibi alileta kikapu chake cha kwanza, alichosuka akiwa msichana, mama yake akimshika vidole. Hakuwahi kukiuza wala kukiazima. Juzi tu alikuwa amekibadilisha ukingo ili kipendeze mbele za watu. Alimkabidhi Mhifadhi mwenyewe, mikono miwili kwa mikono miwili, na wasusi wengine wakasimama kushuhudia.

"Kikae katikati ya ukumbi, mwanangu. Vingine vyote vinakifuata hiki."

Sasa, katika majumba ya makumbusho, kitu chochote cha majani kikiingia hufungwa kwenye plastiki na kugandishwa kwa siku kadhaa, ili vijidudu vilivyojificha vife kabla havijala vitu vingine. Kwa Mhifadhi jambo hilo lilikuwa kama kunawa mikono. Nani humtangazia mgeni kwamba amenawa? Alikifunga kikapu, akakibandika karatasi, akakiweka kwenye friza ya stoo, akaenda zake kunywa chai.

Siku ya tatu friza ikagoma. Akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote mwenye mpenzi fundi angefanya.

"Mpenzi, friza ya stoo imekufa. Njoo kabla mkurugenzi hajajua."

"Nakuja mbio. Ina nini ndani, nyama?"

"Vitu vya kazi tu. Njoo bwana."

Fundi alikuja akipiga mluzi. Alifungua kifuniko, na mluzi ukakatika katikati.

"Hiki ni cha bibi."

"Ndiyo, ni utaratibu tu..."

"Mmekiandika WADUDU."

"Kila kitu huandikwa hivyo, mpenzi, ni..."

"Ulimuuliza?"

Mhifadhi akaanza kuibandua ile karatasi kwa kucha.

"Pale ubaoni ni mwandiko wa nani?"

"Wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko penseli zake.

Fundi hakugombana. Ingekuwa nafuu angegombana. Alipiga magoti, akatengeneza friza ile kwa nusu saa, akaijaribu, ikanguruma. Kisha akakipakata kikapu cha bibi yake kama mtoto mgonjwa na kuondoka. Jioni ile wasusi wakatuma ujumbe: Ijumaa tunakuja kuchukua vikapu vyetu vyote.

Mhifadhi alipiga simu. Yule dada wa mtandao, ambaye hajawahi kupenda mtu maishani mwake, akamjibu kwamba namba haipatikani. Akapiga tena. Dada yule hakubadilisha msimamo.

Mkurugenzi hakuona tatizo. "Tuna picha za vikapu. Tutundike picha."

"Hapana, mzee," Mhifadhi alisema. "Wasipokuwepo wao, ukumbi usifunguliwe."

Akavua viatu vya ofisini, akavaa ndala, akaenda kwa Bibi peke yake. Alimkuta uani akipasua mafunjo kwa kisu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Nimejituma."

"Mjukuu wangu anasema umenigandisha."

Mhifadhi akakaa chini bila kukaribishwa. Alieleza habari ya vijidudu, yote, na alipomaliza akaona bado hajasema lililomleta. "Bibi, kosa langu si barafu. Sikukuuliza. Nimezoea kushika vitu ambavyo wenyewe hawapo, nikasahau kwamba wewe upo."

Bibi alipasua funjo jingine. "Unaona moshi ule kule jikoni? Mafunjo haya hufukizwa siku tatu. Unadhani nafukuza nini, majini?"

"Wadudu?"

"Wadudu. Kwa hiyo hukunitukana. Lakini njoo uone." Akakileta kikapu. Kwenye ukingo mpya palikuwa na ufa, mrefu kama kidole. "Ukingo huu ulikuwa mbichi. Kibichi kikiganda hupasuka. Ungeniuliza, ningekwambia: mwanangu, ngoja kikauke."

Mhifadhi alikitazama kile kidole cha ufa, na machozi yakaanza kumtoka bila adabu.

"Ukimaliza kulia, osha mikono," Bibi alisema. "Umekipasua, utakisuka. Mimi nitakushika vidole."

Alisuka siku mbili mchana kutwa. Alisuka vibaya, akafumua, akasuka vibaya kidogo. Wasusi wenzake Bibi walipita mmoja mmoja kumcheka, na kila aliyecheka alibaki kumwonyesha kitu. Ijumaa ilifika, na hakuna aliyekwenda kuchukua kikapu popote.

Fundi aliingia uani jioni hiyo, akamkuta Mhifadhi ana funjo mdomoni, plasta vidole vitatu.

"Huyu naye ni nani?"

"Msusi hajulikani," Mhifadhi alijibu kwa meno.

Fundi alijitahidi kukunja uso, uso ukakataa. Akachutama karibu naye. "Ungenipata, ningekusikiliza. Nilizima simu kwa sababu ningekusikiliza, na nilitaka kukasirika kidogo."

"Umemaliza?"

"Tangu juzi. Niliona haya kuwasha."

Ukumbi ulifunguliwa siku iliyopangwa. Kikapu cha kwanza kilisimama katikati, jina kamili la Bibi chini yake, na ukingo uliopinda upande mmoja. Wageni walisifu ule upande uliopinda. Bibi aliwaacha wasifu. Watu walipopungua, Fundi, ndani ya suti ya kuazima yenye mikono mifupi, alipiga goti mbele ya kabati na kumwomba Mhifadhi akubali kuolewa naye. Mhifadhi akajinyoosha, akamtazama kwa heshima kubwa na utulivu wa kimalkia, akasema: "Nitafikiria. Nipe mwezi mmoja."

Hapo ndipo hadithi ilipokwisha, mpaka nilipofanya kosa la kumsomea Bibi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kisu chini.

"Mwezi gani? Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti."

Basi nakiri. Mhifadhi ni dada yangu, tunalala chumba kimoja nikiwa likizo, na simu zake zote nilizisikia nikiwa nimejifunika shuka. Nilitaka aonekane mwenye maringo, kwa heshima ya ukoo. Ukweli ni kwamba Fundi alikuwa hata hajafika nusu ya swali, goti lenyewe halijagusa sakafu, dada yangu akasema "Ndiyo" kwa sauti iliyomfanya mlinzi aje mbio kuuliza nini kimevunjika.