Nyumba ya Kwenye Sinia

Viatu vya Anneth vilinunuliwa vikubwa, kama wazazi wengi wa Njombe wanavyofanya, ili mtoto avikulie. Mama yake, Oliva, alisokomeza gazeti kwenye ncha za viatu hivyo, akasema litatolewa kabla ya mavuno ya mahindi. Mahindi yalivunwa, yakapukuchuliwa, yakaingia ghalani. Gazeti lilikuwa bado mle ndani. Oliva alipokibonyeza kiatu kwa kidole gumba, hakuona tofauti yoyote na siku kilipotoka dukani.

Alimvalisha mtoto gauni la Krismasi iliyopita. Nalo lilimkaa vilevile. Akalikunja, akalirudisha sandukuni, na hakumwambia mumewe.

Mume huyo ni Elius Mlowe, fundi umeme. Wengi humwita Elias, naye hukataa kuitika. Nyumba yao iko kata ya Ramadhani, mjini Njombe, na kazi yake ilikuwa Makambako, kwa hiyo aliondoka asubuhi na kurudi jioni. Hakunywa pombe. Starehe yake ilikuwa sinia pana la udongo lililokaa juu ya meza, chini ya dirisha la sebule, ambamo alijenga nchi ndogo. Mawe ya mto Hagafilo yalikuwa milima, changarawe ilikuwa njia, na ule ukijani unaoota kwenye mawe yenye unyevu ulikuwa malisho. Katikati ulisimama mti wa mpodo uliojikunja shina, ambao haukuzidi urefu wa mkono wa mtu hadi kiwiko. Matawi aliyapinda kwa nyaya za shaba zilizobaki kazini. Mara kwa mara aliung'oa mti, akaikata mizizi kwa mkasi, akaurudisha.

"Ndiyo siri yake," aliwaambia wageni. "Haufi, lakini haukui."

Chini ya mpodo aliweka nyumba aliyoichonga mwenyewe kwa mbao, mfano wa nyumba ya mama yake, Getruda, kule Lupembe. Hata ufa wa ukutani aliuweka. Mlango aliubandika kwa gundi.

Jioni moja ya ukungu Oliva alisikia harufu ya moshi wa kuni sebuleni. Wao walipikia gesi. Elius alikuwa amesimama karibu na sinia, bado na koti la kazi.

"Siku hizi Makambako unapikiwa kwa kuni?" Oliva aliuliza.

"Mimi nakula mgahawani."

"Mgahawa wa nani?"

Elius alivua koti. "Na mtoto anakula nini nikiwa kazini?"

"Anakula unachoacha."

"Basi mbona hakui?"

Oliva aliketi. Kumbe mumewe naye alikuwa ameona, akanyamaza, akamchunguza mke wake wiki baada ya wiki.

Walimpeleka Anneth kliniki pamoja. Muuguzi alimpima uzito na urefu, akarudia kumpima. "Mtoto ana afya," alisema. "Macho mazuri, damu nzuri. Ila huyu ni yuleyule niliyempima mwaka jana." Akacheka kidogo, kisha akaacha.

Tangu hapo kila mtu alimchunga mwenzake kwa shaka. Elius alionja uji wa mtoto kabla ya kutoka. Oliva alinusa koti lake aliporudi, na moyoni alianza kumfikiria mama mkwe, ambaye zamani alikuwa akija kila mwezi na sasa alitoa visingizio kwenye simu.

Asubuhi moja, Elius akiwa ameshaondoka, Oliva alimkuta Anneth amepiga magoti juu ya kiti, kidevu mezani, akinong'ona mbele ya ile nyumba ya mbao. Alikuwa akinong'ona Kibena. Mtoto huyo hakujua Kibena. Nyumbani walimfundisha Kiswahili tu.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na bibi."

"Bibi Getruda yuko Lupembe."

"Siyo huyo. Huyu anapika." Anneth hakugeuka. "Amesema nisiongezeke. Bado kidogo tu mlango utanitosha."

Oliva alimwinua mtoto akamweka nyuma yake, kisha akainama polepole hadi macho yake yakawa sawa na vile vilima, na hapo aliona kwamba ule ukijani ulikuwa umekanyagwa, umelala kama nyasi zinavyolala penye njia ya watu, kutoka kizingitini hadi ukingo wa sinia upande wa chumba cha mtoto, na kwamba mlango uliobandikwa kwa gundi ulikuwa wazi, na ndani, katika giza lisilozidi kiganja, ufagio ulikuwa ukifagia, ukaacha, kana kwamba aliyeushika alikuwa amesikia pumzi ya mtu dirishani.

Alimpigia Elius. "Umegusa mlango wa nyumba yako?"

"Nani ameugusa? Wewe?"

Akakata, akampigia mama mkwe. Alimweleza yote kwa sauti ya kumshitaki. Kisha Getruda akasema, "Usimwache peke yake. Nakuja."

Alifika kesho yake, Jumapili, akiwa na jembe dogo limefungwa kwenye kanga. Oliva alimsalimu, "Kamwene, mama." Hakuitika. Alikuwa ameuona mti.

"Elius, huu umetoka wapi?"

"Nyuma ya nyumba yako, mama. Siku ile ulipokwenda msibani Mlangali. Ulikuwa umebanwa na mawe, nikaona hauna kazi."

Getruda alimgeukia Oliva. "Mwaka mzima nilijua ni wewe uliyeuchukua."

"Mimi? Mti wenyewe sikuujua."

"Kitovu si ulinipa wewe?"

"Kitovu gani?" Elius aliuliza.

Ni mambo ambayo wanaume hawaambiwi. Getruda alieleza akitazama sakafu, maana alikuwa mzee wa usharika kanisani na hakupenda kuyasema. Kitovu cha Anneth alikizika kando ya kaburi la bibi yake Elius, ambaye mtoto alipewa jina lake, ili amlinde. Juu yake akapanda mpodo, mtoto akue nao.

"Umemng'oa mtoto, na mlinzi wake akafuata," alisema. "Umewafunga waya. Halafu ukamjengea marehemu nyumba. Alikuwa na kaburi tu, wewe ukampa mlango."

Akaanza kufungua nyaya. Kila uliofunguka, Anneth, aliyekuwa amekaa kochini, alijinyoosha, na viungo vyake vikalia kama vya mtu aliyekaa sana.

Siku hiyohiyo waliurudisha mti Lupembe. Getruda aliufukia mizizi kando ya kaburi, akamwaga juu yake mawe, changarawe na nyaya zote kutoka kwenye gunia alilofungasha Elius.

"Vyote vimerudi? Na nyumba?"

"Iko chini ya mawe, mama," Elius alijibu. "Vyote."

Mvua zilipokuja, Oliva alitoa gazeti kwenye viatu. Zilipokatika, Anneth alilalamika kwamba vinambana. Oliva aliingia jikoni, akalia kwa furaha, akavigawa kwa jirani.

Jioni hiyo Elius alirudi kutoka Makambako akikanyaga pindo za suruali.

"Hiyo ni mpya?" Oliva aliuliza.

"Ni ileile. Fundi cherehani ameiongeza urefu."

"Nani alimpelekea?"

"Si wewe?"

"Sijaipeleka popote."

Elius alikaa kochini. Visigino vyake havikufika sakafuni. Oliva alivitazama, kisha akasikia harufu ya moshi wa kuni, naye akaifuata hadi kwenye sanduku la vifaa vya kazi, pale mlangoni. Chini ya koleo na bisibisi palikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa ile nyumba, mlango wazi, kizingiti kimefagiliwa.

Akanyoosha mkono kuichukua.

"Iache, mama Anneth," Elius alisema nyuma yake, taratibu, kwa Kibena. "Bado kidogo tu mlango utanitosha."