Amina ya Nyuma ya Mashuka

Amina ya kwanza ilitoka kwenye mashuka.

Dobi alikuwa anapiga pasi kola ya shati, mumewe anavua viatu mlangoni, na mtoto wao, ambaye walimwita Pengo tangu meno yake ya mbele yang'oke, amekaa sakafuni anapanga vibanio vya nguo. Simu ilikuwa juu ya rafu ya sabuni, kama kila magharibi, na ndani yake sauti ya marehemu mama yake dobi ilikuwa inasali. Sauti ikafika mahali pake pa kunyamaza, pale wanapoitikia. Kabla wenye nyumba hawajafungua midomo, mtu akasema "Amina" nyuma ya mashuka mabichi yaliyoning'inia katikati ya chumba.

Ilikuwa amina ya kawaida tu, ya mtu mzima asiye na haraka. Na wao wakaitika, kwa mazoea, na dobi akageuza shati upande wa pili.

"Umekuja na mtu?" alimwuliza mumewe sala ilipokwisha.

"Mtu gani tena?" Mumewe alikuwa kinyozi. "Nimeshika vichwa tangu asubuhi. Sina hamu ya kuona hata kimoja."

Dobi akayafunua mashuka, akakuta ukuta. Akajiambia ni mwangwi. Mvua zilikuwa zimeshika siku hizo, nguo zote zilianikwa ndani, na chumba kilichojaa nguo mbichi kina sauti zake. Akaiweka pasi kwenye mkaa, akachukua shati jingine.

Marehemu mama yake alikuwa mtu wa sala kwelikweli. Alisimama katikati ya chumba hikihiki, mikono ikinuka sabuni, akamtajia Mungu watu wa nyumba mmoja mmoja kama anayemkabidhi nguo za wateja: huyu amechanika hapa, huyu ana doa, huyu usimchanganye na wengine. Alipougua na kujua kwamba haponi, alimwambia binti yake ashike simu, amrekodi.

"Si ya kusikiliza," alisema. "Ni ya kujifunzia. Ukishaijua iache, useme ya kwako."

Akasali, akiacha nafasi ndogondogo za watu kuitikia. Hakukaa sana baada ya hapo.

Dobi hakujifunza. Ukweli ni kwamba alikuwa na sala yake mwenyewe wakati mama anaumwa, na aliisali usiku na mchana mpaka magoti yakaota sugu: mama apone. Mama hakupona. Alikufa kwa maumivu, akiuma pembe ya shuka. Tangu siku ile dobi hakumsemesha Mungu tena. Alinuna, kama mtu anavyomnunia ndugu yake. Lakini kuacha nyumba bila sala kabisa aliogopa, ndipo akaona njia iko wazi: simu isali, yeye apige pasi. Sala inasalika na kazi inakwenda. Nao waliitika amina kama watu walioko jikoni wanavyoitikia hodi, "karibu, karibu", bila kuuliza ni nani.

Hata jirani yao wa upande wa pili wa ukuta, fundi cherehani mwenye nyumba iliyofurika watoto, aliipenda. "Shoga, nirushie ile sala ya mama," alisema. "Hawa wangu hawatulii mpaka wasikie sauti ya mkubwa." Dobi akamrushia.

Jioni iliyofuata amina ile ikatoka tena kwenye mashuka. Na iliyofuata. Ilikuja na harufu, harufu ya kitambaa kilichoungua, na kila mara dobi alikimbilia pasi na kuikuta imepoa. Mwanzoni walitazamana. Baadaye wakazoea, na mazoea yana taabu.

"Angalau tumepata mwenzetu mwenye imani," kinyozi alisema, na mkewe akacheka.

Kilichomwondolea dobi kicheko ni mtoto. Pengo alianza kulala mara tu sala inapokwisha, pale pale sakafuni, usingizi mzito ambao hata maji ya uso hayakuuvunja. Asubuhi gauni lake lilikuwa bichi na lilinuka kuungua. Alipungua. Mchana mmoja dobi alimkuta amesimama mbele ya kamba, uso umekaribia kugusa shuka, ananong'ona.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na anayeitika."

"Anasemaje?"

Pengo akafikiri. "Anasema nyinyi mnakubali kila kitu."

Magharibi hiyo, dobi aliweka pasi chini na kusikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusikiliza tangu mama azikwe, na sauti ilikuwa ile ile, ya mama mwenyewe, yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa maneno. Ikamtaja yeye, ikamtaja mkwe, ikamtaja mjukuu, ikafika pale ambapo siku zote iliishia. Haikuishia. Ikavuta pumzi ileile na kuendelea.

"Na mgeni wetu aliye nyuma ya nguo, apewe pa kulala."

"Amina," alisema kinyozi, akipangusa nywele za wateja kwenye mikono ya shati lake.

"Apewe na chakula chake."

"Amina."

"Na yule mdogo awe wake, tumempa kwa hiari yetu."

"Amina," alisema kinyozi, na dobi, aliyekuwa amesimama na mkono mdomoni, aliyekuwa anasikiliza kila neno na kulielewa, akasikia ulimi wake mwenyewe ukimalizia neno lilelile pamoja na mumewe, kwa sababu ulikuwa umelizoea na haukumngoja, na kabla hajaligeuza, kabla hajasema hapana, amina ya tatu ikaja, safari hii si kutoka kwenye mashuka bali kutoka chini, kwenye kinywa cha Pengo aliyekuwa amelala chali kati ya vibanio vyake, macho yamefumbwa, meno hayapo, na sauti ni ya mtu mzima asiye na haraka.

Walimbeba, wakamwita, wakamtikisa. Alikuwa na baridi ya nguo iliyolala kwenye beseni.

Kulipokucha hakuamka, na kinyozi akaenda kumleta mwanamke aliyejulikana kwa kutoa majini. Watu walimwita Kohozi, kwa sababu kikohozi chake kilifika nyumbani kwako kabla yake. Alikuja mchana kweupe akiwa na mkoba mtupu.

"Shikamoo, mama," alisema dobi.

"Marahaba. Msinitafutie uvumba, kifua changu hakiutaki." Akakaa, akamtazama mtoto, akaisikiliza ile simu mwanzo hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akayatazama mashuka. "Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakujua kama kuna siku dobi ataambiwa."

"Mwombee mwanangu, mama. Tafadhali."

"Nimwombee? Huyu mgeni wenu ameingia kwa sababu mnaombewa na rafu ya sabuni." Akakohoa mpaka machozi. "Sala kwako ni nini, binti?"

"Ni kinga."

"Kinga ni mwavuli. Sala ni kusema na mtu anayekusikia. Hawa viumbe hawaogopi maneno, wanayajua kuliko sisi. Wasichokiweza ni kuweka moyo wa binadamu nyuma ya neno. Nyinyi mmekuwa mkitoa maneno matupu kila jioni, na neno tupu ni nyumba tupu. Wa kwanza kupita ndiye anayehamia."

"Tufanye nini?" kinyozi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hiyo sauti ifutwe. Kisha huyu mama mtu aseme na Mungu kwa mdomo wake, na sisi wengine tufunge vinywa. Mtu asithubutu kuitikia." Akamgeukia dobi. "Iko kwingine popote?"

Upande wa pili wa ukuta cherehani ya jirani ilikuwa inakimbia. Dobi aliisikia. Akafikiri kwamba sauti ya mama ikitoka humu itakuwa imebaki mahali, hata kama ni kwa watu, hata kama hataisikia ila kwa kuegemea ukuta. Alikuwa na kitu kimoja tu cha mama, na moyo wake ulikataa kabisa kubaki bila kitu.

"Ni hii tu."

"Mficha uchi hazai," alisema Kohozi.

"Ni hii tu, mama."

Akaishika simu. Ilikuwa imezimwa sauti, lakini kidole kilipokaribia kioo, mama yake akaongea, si kwa kusali, kwa kulalamika, kama siku zile za mwisho alipotaka ageuzwe upande.

"Mwanangu. Umeshanichoka?"

Mashuka yakaanza kujaa, polepole, kama yaliyopigwa na upepo kwa upande wa nyuma ilhali madirisha yamefungwa, na harufu ya kuungua ikapanda mpaka kinyozi akafunika pua, na sauti ikaendelea kumwita, ikimtaja kwa jina la utotoni ambalo hata mumewe hakulijua, ikimwambia kuna giza, ikimwambia kuna baridi, ikimwomba asimzike mara ya pili, na dobi akalia kwa sauti kama aliyefiwa asubuhi hiyo, na huku analia akabonyeza, na sauti ikakatika katikati ya jina lake.

Pengo akaketi. Macho yalikuwa yamefumbwa.

"Haya sali," alisema, kwa sauti ya bibi yake.

Dobi alianza na maneno aliyoyajua, yale ya mama. Hakufika mbali. Kinywa cha mtoto kiliyadaka, kikatangulia, kikamaliza kila sentensi kabla yake, haraka zaidi na kwa ufasaha zaidi, kikicheka katikati. Kila alichokiokota kilikuwa kimeshashikwa. Akayaacha maneno ya mama. Kohozi alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, kikohozi kinamsukasuka, hatoi sauti.

"Mimi sijui kusali," dobi alisema hatimaye, na hakuwa anamwambia mtu yeyote mle chumbani. "Nilikuomba jambo moja. Ulinisikia, najua ulinisikia, na ulimwacha akaumia vile. Nina hasira na wewe. Nimekununia mpaka nyumba yangu imeingiliwa. Sina maneno mazuri, aliyekuwa nayo umemchukua. Huyu nimemtoa mimi kwa uzembe wangu, na sikuwa na haki ya kumtoa. Nirudishie mwanangu. Bado nina hasira, lakini nakuomba."

Kinywa cha mtoto kilifunguka kumalizia, kikakosa la kusema. Hakukuwa na sentensi pale ya kudaka. Walikaa kimya, na kimya kile kilikuwa kigumu kuliko kelele zote, kwa sababu ndimi zote tatu zilitaka kuitikia. Kisha kamba ikakatika na mashuka yote yakaanguka chini, na Pengo akatapika maji meusi yenye harufu ya majivu na sabuni, akamwita mama yake kwa sauti yake mwenyewe.

Kohozi alikohoa kwa muda mrefu. Alikataa chai, akachukua mkoba wake mtupu.

"Endelea kugombana naye," alimwambia dobi mlangoni. "Mtu unayegombana naye bado ni wako."

Baada ya hapo waliweka sheria: hakuna amina kabla ya kusikia lote. Walisali kwa zamu, vibaya vibaya. "Mungu, miguu inauma," kinyozi alikuwa akisema. "Punguza wateja kidogo. Lakini si sana." Pengo alicheka, akafikiri, ndipo akaitikia. Alinenepa tena, na kwenye pengo lake ncha nyeupe ya jino ikaanza kuchungulia. Dobi alijikuta, akiwa peke yake na pasi, anasema na Mungu hata pasipo saa ya sala, mara kwa kulaumu, mara kwa kushukuru, na moyo wake ulipoa.

Jambo moja tu hakumwambia mtu. Magharibi, zamu yake ikishapita, alikwenda kuegemea ukuta wa upande wa jirani, akijifanya anakunja nguo, akaweka sikio. Alisikia mama yake akisali kwa mbali na watoto wa fundi wakiitika. Alisikiliza mpaka mwisho na kujisikia mtoto wa mtu tena. Hakuona ubaya.

Jioni moja alikuwa pale, foronya mkononi, kinyozi hajarudi, na Pengo nyuma yake anapanga vibanio. Sauti ya mama ikafika mwisho wake. Ikavuta pumzi.

"Na yule mdogo wa upande wa pili wa ukuta, mwenye jino jipya, arudishwe kwa mwenyewe."

"Amina," wakaitika watoto wa fundi, wote kwa pamoja, haraka haraka, kama watoto wanaongoja chakula.

Dobi aliupiga ukuta kwa ngumi. Alimwita jirani, akapiga kelele kwamba wakanushe, waseme hapana, waizime, na upande wa pili wa ukuta cherehani ikaendelea kukimbia, na juu ya mlio wake mtu mzima mmoja, ambaye fundi hakuwa naye nyumbani, akaitika taratibu baada ya wengine wote.

Alipogeuka, vibanio vilikuwa vimemwagika sakafuni, na Pengo alikuwa ameshalala.