Pikapu Nyeupe na Swali la Mwezi wa Pili

Adolfu wa kijiji cha Kasense alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi. Kila mwaka alilima, alivuna, kisha alianza kazi ya tatu, yaani kuomba usafiri. Gunia zake zilifika Sumbawanga mjini kwa trekta la mtu, kwa baiskeli ya mtu, na mara nyingine juu ya kichwa cha mkewe, Coleta. Kwa hiyo mwaka ule ulezi ulipokubali sana, alisimama mbele ya jumuiya baada ya sala akatangaza kwamba familia yake itanunua pikapu. Watu waliitikia amina, ingawa sala ilikuwa imekwisha.

Walikwenda mjini mwezi wa nane, yeye, Coleta na binti yao Sharon. Mwezi wa nane Ufipa ni kukavu. Barabara huwa ngumu kama sakafu, na adui pekee ni vumbi. Muuzaji aliwaonyesha magari mawili. La kwanza lilikuwa jeupe, limepakwa rangi juzi, viti vimevishwa vitambaa vipya. La pili lilikuwa la kijani kilichochoka, na mlango wake umebonyea kama sufuria ya shughuli. Muuzaji hakuwaficha. Alisema lile jeupe husukumwa na tairi mbili za nyuma tu. La kijani huweza kusukumwa na tairi zote nne.

Adolfu alilizunguka lile jeupe mara tatu, polepole, kama padri anayebariki makaburi. Kisha akaliendesha kwenye lami. Likateleza kimya, bila kelele wala mtikisiko.

Coleta aliuliza swali moja tu. "Baba Sharon, na mwezi wa pili je?"

"Mwezi wa pili una nini?"

"Una kile kilima chetu cha kijito."

"Gari haliogopi mvua, mama. Lina paa."

Muuzaji alicheka. Coleta hakucheka, wala hakuuliza tena.

Siku lile gari jeupe lilipofika Kasense, palikuwa na sikukuu isiyokuwemo kwenye kalenda ya Kanisa. Padri alilinyunyizia maji ya baraka. Hayo yalikuwa maji ya mwisho kuligusa kwa miezi mitatu. Jirani yao Ngeleja naye alikuja kulitazama. Ngeleja alihamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, lakini kabla ya hapo alikuwa dereva wa malori ya wajenzi wa barabara. Aliinama, akachungulia chini ya gari, akasema kwa upole kwamba kwa udongo wa huku angechukua la tairi nne. Adolfu alimjibu mbele ya watu wote kwamba mtu wa ng'ombe angeshauri juu ya mikia. Watu walicheka sana. Ngeleja alicheka nao, akaenda zake.

Kiangazi chote pikapu ilipeleka gunia Kizwite, kule mjini, na kurudi bila taabu. Coleta hakubeba tena kitu kichwani. Alikaa mbele, kando ya mumewe, na mfuko wake magotini.

Kisha mvua zikaja. Mwezi wa pili, asubuhi moja, Coleta alishindwa kuinuka. Tumbo lilimkata upande wa kulia na homa ilikuwa kali. Adolfu na Sharon walimlaza nyuma kwenye godoro, wakamfunika turubai, wakaondoka upesi.

Walifika kwenye kilima cha kijito. Tairi za nyuma zikazunguka, zikarusha tope, zikazama. Tairi za mbele hazikusaidia chochote. Adolfu aliweka mawe. Aliweka mabua ya mahindi. Alivua koti lake la kanisani, akaliweka nalo. Tope lilimeza vyote, gari likabaki palepale. Nyuma, Sharon alikuwa amekipakata kichwa cha mama yake, akimfuta matone usoni. Coleta hakulalamika. Hakusema kuhusu mwezi wa pili. Adolfu angefurahi kama angesema.

Karibu na saa sita mchana Ngeleja alitokea na maksai wanne na mnyororo wa jembe. Alifunga mnyororo. Ng'ombe walivuta, na pikapu iliyobarikiwa ilipanda kilima nyuma ya mikia minne.

Hospitalini daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Walimpasua siku ileile. Adolfu aliuliza kilipasuka saa ngapi. Daktari alisema hilo hakuna awezaye kulijua. Siku ya tatu Coleta akafariki.

Walimrudisha nyumbani kwa pikapu ileile, mvua ikinyesha. Kwenye mteremko wa kijito dereva, aliyeombwa kushika usukani badala ya Adolfu, aliogopa, akasimamisha gari. Watu walishuka, wakalichukua jeneza mabegani, wakavuka. Ngeleja alikuwa mbele, upande wa kulia. Pikapu ilibaki ng'ambo, nyeupe na safi, kama mgeni asiyemjua marehemu.

Baada ya arobaini, Adolfu alikwenda kwa Ngeleja. Alikaa muda mrefu akiwatazama maksai.

"Nilikutukana mbele za watu," alisema.

"Ulitania, mzee. Mimi pia huwa nawatania Wafipa, ila mkiwa mbali."

"Nieleze sasa. Nieleze kama mtoto."

Ngeleja alimwonyesha ng'ombe aliyekuwa akipanda kutoka mtoni. "Mtazame huyo. Miguu yote minne inasukuma. Ya nyuma ikiteleza, ya mbele inashika. Gari lako husukumwa na miguu ya nyuma tu. Ya mbele inafuata."

Alimweleza na mengine. Gari la tairi nne huuzwa ghali zaidi, hunywa mafuta zaidi, na lina vyuma vingi vya kuharibika. Anayetembea kwenye lami mwaka mzima halihitaji. Tena, kwenye lami kavu tairi nne zisifungwe, yaani za mbele zisiunganishwe na nguvu ya injini, maana gia huumia; hufungwa kwenye tope, kabla ya kuzama, si baada. Kwenye kilima kikali hutumika gia ya nguvu, polepole. Na tairi zenyewe lazima ziwe na meno. Tairi nne zenye upara ni upara mara nne.

"Na kwenye mteremko," alisema, "gari la tairi nne halisimami upesi kuliko mengine. Wengi wanapanda kwa majivuno, wanashuka kwa kubiringika."

Isdori, mwenye duka Kizwite, aliitaka ile pikapu nyeupe. Adolfu alimwambia wazi kwamba haifai kwenye tope, na akamwambia kwa nini. Isdori alisema yeye hubeba bidhaa kwenye lami tu, hivyo kwake inatosha. Na kweli inatosha hadi leo.

Safari hii Adolfu hakungoja kiangazi. Yeye na Ngeleja walikwenda mjini mvua bado zinanyesha. Gari la kwanza lilikuwa na maandishi makubwa ubavuni kwamba ni la tairi nne. Ngeleja alilala chini yake, akatoka na tope mgongoni. Chuma kirefu kinachopeleka nguvu mbele, ambacho mafundi huita propela, kilikuwa kimeng'olewa.

"Hili lina tairi nne kwa maandishi," alisema.

La pili walilipeleka kwenye tope. Ngeleja alilifunga tairi nne, Adolfu akainama kutazama. Tairi za mbele zilishika udongo, zikavuta, gari likatoka. Adolfu aliendelea kuinama hata baada ya gari kupita. Ngeleja alisubiri.

Lilikuwa la kijani, nalo limebonyea, na ndilo Adolfu alilonunua.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, Bertila, mke wa jirani mwingine, alishikwa na uchungu asubuhi ya mvua. Adolfu alimpakia pamoja na mama mkwe wake. Kabla ya kijito alisimama, akafunga tairi nne, akapanda polepole kwa gia ya nguvu. Hawakukwama. Saa tatu walikuwa hospitalini, na mchana mtoto wa kiume alizaliwa, akilia vizuri. Adolfu alipongezwa. Alishukuru, kisha akaenda kukaa peke yake garini, akitazama kiti cha kushoto.

Sasa Kasense mtu akitaka kununua gari, hupita kwanza kwa Adolfu. Huja mwezi wa nane, vumbi likipaa, na husifu rangi, viti na redio. Adolfu humsikiliza mpaka mwisho, wala hamcheki. Kisha humuuliza swali moja tu.

"Na mwezi wa pili je?"

Wengine humsifu kwa hekima yake. Yeye hutikisa kichwa na kuwaambia swali hilo si lake. Ni la Mama Sharon.