Lori la Sukari na Disketi Moja

Jirani yake Irène, Mama Adija, aliwahi kumuuliza: "Hiyo mashine yenu ya bandarini inaweka vitu tumboni, ama inajua tu pale vimewekwa?"

Siku ile Irène alicheka. Leo swali lilimrudia katika chumba cha nyuma cha karakana ya matairi, mtaa wa Buyenzi, na hakucheka.

Saa mbili asubuhi. Honoré, aliyeongoza mpango wao, alisimama mlangoni. Fabrice, mdogo wake Irène, alikalia tairi.

"Eleza," Honoré alisema.

"Kila lori ni kazi moja mu programu. Kwenye kazi tunaunganisha faili, barua ya kutoka. Jovithe wa getini anabonyeza kazi, barua inafunguka kwenye mashine yake. Anasoma namba ya lori na jina la dereva, anafungua geti."

"Na ya kwetu?"

"Kwenye kazi ya lori la sukari naondoa barua ya kweli, naunganisha yetu. Namba ya lori letu. Dereva, Fabrice."

"Jina lake mwenyewe?"

"Jovithe anaangalia permi ya dereva."

Honoré alicheka. "Dada anamuandika mdogo wake. Kanisani ndivyo wanawafundisha?"

"Kanisani wanatufundisha kusali mbele ya kula. We unakula mbele ya kupika."

"Yaya, muache," Fabrice alimwambia dada yake, akizuia kicheko.

Ilikuwa 2003, vita havijaisha. Mizinga ililia milimani, na vijana wa rika la Fabrice waliokotwa njiani, kila upande ukitaka mabega ya kubeba bunduki zake. Sukari ile ya wizi ingemlipia Fabrice boti ya kukimbilia Kigoma, jioni hiyohiyo. Irène hakutaka kingine.

Jambo moja alilificha. Barua yao hangeiingiza ndani ya mashine. Ingekaa kwenye disketi, na programu ingeambiwa tu: itafute pale. Fabrice akishavuka geti, Irène angechomoa disketi, na jina la mdogo wake lingetoka nayo. Honoré hakuambiwa. Mtu kama yule ukimpa siri, anakufunga nayo.

Honoré naye alikuwa na lake.

Saa tano kasoro robo, ofisini bandarini. Honoré, amefunga tai, alikaa mbele ya meza ya Irène kama mteja. Irène aliunganisha. Akabonyeza kujaribu. Barua ikafunguka. Dirishani aliona malori kwenye foleni, na kiwiko cha Fabrice kikining'inia nje. Mawili mbele yake.

"Madamu Irène! Leta muhuri!" patroni wake wa ofisi aliita kutoka chumba cha pili.

Aliporudi, mdomo wa mashine ulikuwa mtupu.

"Disketi iko wapi?"

Honoré aligonga mfuko wa koti. "Ina jina la mdogo wako. Kesho akitaka fungu kubwa, ama we ukienda kuungama kwa padri, mi niko na kitu cha kuonyesha."

"Irudishe. Sasa hivi."

"Barua si umeshaiunganisha?"

"Nimeiunganisha na hiyo disketi! Mu mashine hamuna kitu!"

Honoré alianza kupekua mifuko. Simu ikalia.

"Madamu," Jovithe alisema, "kazi ya hili lori imegoma. Nabonyeza, inaniandikia faili haionekani. Na dereva hana karatasi nyingine zaidi ya permi. Nimeita wanajeshi wamuangalie."

"Apana, Jovithe! Ngoja, naiweka sawa..."

Nje, lori lilinguruma. Fabrice alikuwa ameshaona kofia za kijeshi. Risasi zikalia, zikafuatana. Kisha honi. Haikukatika. Ililia kama mtu amelala juu ya usukani.

Honoré aliifuta disketi kwa tai, pande zote mbili, akaiweka mezani taratibu.

"Mi sikujua, dada. Ungeniambia."

"Na we ungeniuliza."

Honi iliendelea. Irène alichukua kitenge chake kwenye mgongo wa kiti, akakikunjua, akakipima kwa mikono kama kitatosha kufunika mtu mrefu. Honoré alisema kitu kingine. Irène akampita, akafungua mlango, akashika njia ya getini.