Mapigo Matatu ya Panga

Msitu wetu ulipoanza kuhifadhiwa, walinzi walikuwa wawili tu: marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, na rafiki yake, ambaye ndiye aliyenisimulia haya. Waliitana kwa kupiga mashina ya miti kwa panga. Pigo moja liliuliza, "Uko wapi?" Matatu ya haraka yalisema, "Kimbia!"

Wakata magogo walimuua mume wangu kwa mashoka. Tulipokwisha kumzika, rafiki yake akaniambia, "Shemeji, naenda kibandani kwetu kule msituni kuleta koti lake. Likioza kwa mvua atanisuta hadi ahera."

Alifika karibu na kibanda kiza kikiingia. Kwa mazoea tu, akapiga shina mara moja. Kutoka mitini akajibiwa: ko, ko, ko.

Akageuka mbio. Wauaji wakachomoka kibandani. Shoka lililolengwa kichwani likampasua bega hadi mfupa, lakini akawaponyoka.

Panga la mume wangu lilikuwa kwangu, limetundikwa ukutani. Damu yake nilikuwa nimeifuta kwa mikono yangu mwenyewe. Jioni ile, nilipoinuka kutoka kwenye sala, lilikuwa likidondosha utomvu mbichi sakafuni.