Mshtaki wa Nne

Jioni ile ya Novemba nilitoka kazini Forest, hapa Brussels, kwenye nyumba ya wazee ninakohudumia, nikapitia Matonge, mtaa wa Wakongo, kununua mishumaa. Kabeya ndiye aliyenituma. Alitaka tufanye mazoezi bila umeme, tuone vivuli vinavyokaa ukutani.

Kabeya ni mwalimu wa Kiingereza, mtu wa Lubumbashi. Anaongoza kikundi chetu kidogo cha maigizo, Wakongo watano tu, katika ukumbi wa chini ya ardhi huko Saint-Josse. Mwaka huu alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Waingereza ya miaka mia nne iliyopita. Hata jina la mwandishi wake limepotea. Mjane mmoja anasingiziwa uchawi. Washtaki watatu wanamzunguka, kila mmoja anamuuliza kama ni mchawi. Kwa wa tatu anakiri. Wanamnyonga.

Mjane ni mimi.

"Zamani kule London, wanawake walikuwa hawana ruhusa ya kupanda jukwaani," Kabeya alinieleza. "Vijana wanaume ndio walivaa magauni. Wewe, maman Cécile, utaicheza kama muntu mwenye anajua."

Hakujua alichokuwa anakisema.

Nilipokuwa na miaka tisa, huko Walungu, Kongo, mtoto wa jirani alikufa. Watu wa chumba cha maombi wakaja kumchukua mama, wakidai ndiye aliyemroga. Walimfungia siku mbili, akakataa. Siku ya tatu wakanishika mimi, wakaniweka mbele yake. Hapo mama akasema: ndiyo, niko mulozi, mimi ni mchawi. Walichoma nyumba yetu, tukakimbia. Imepita miaka thelathini. Mama yangu, Emmanuella, anaishi nami hapa Brussels, na neno lile hajawahi kulitaja tena.

Basi, tukaanza. Donatien, Ghislain na Polycarpe walinizunguka, kila mmoja na mshumaa wake. Kabeya alikaa kwenye viti vya watazamaji.

"Uko mulozi?" aliuliza Donatien.

"Hapana."

"Uko mulozi?" aliuliza Ghislain.

"Hapana."

Polycarpe akafungua mdomo... lakini sauti haikutoka kwake.

Ilitoka nyuma yangu.

"Cécile, mutoto wa Emmanuella. Mama yako alikubali. Kubali na wewe."

Sauti ya polepole. Karibu kabisa na sikio. Pakaanza kunuka moshi wa nyasi za paa linaloungua, na Brussels hakuna paa la nyasi.

Nikahesabu mishumaa. Mitatu. Nikahesabu vivuli ukutani, mbali na changu.

Vinne.

"Donatien," nilinong'ona, "nani iko nyuma yangu?"

 Alikuwa amekodoa macho juu ya bega langu. Nta ya moto ilimchuruzika vidoleni, wala hakuisikia.

"Kubali," sauti ikasema. "Utapumzika."

Ndivyo walivyomwambia mama. Neno kwa neno.  Nilitaka kukimbia, nipande ngazi, nitoke barabarani kwenye taa na magari. Halafu hasira ikanipanda, hasira ya miaka thelathini, ikanikausha machozi.

Nikageuka.

Hapakuwa na mtu. Ukuta tu, na kivuli kisicho na mwenyewe.

"Mama alikubali juu yangu, aniokoe," nilikiambia. "Mulinishika, nilikuwa mutoto. Leo hamuna kitu ya kunishikia. Sikubali!"

Mishumaa yote ikazimika kwa pamoja.

Kabeya alipapasa ukutani, akawasha taa. 

"Bon..." alisema. "Waigizaji wa wakati ule walikuwa na hadithi yao. Wakiita pepo katika mchezo, kuna siku walijihesabu jukwaani wakakuta mmoja amezidi." Akafunga daftari. "Donc tunaacha. Tutatafuta comédie, mchezo wa kuchekesha."

"Hatuache," nilisema. "Ila mwisho tunabadilisha. Mjane hakiri."

"Lakini maandishi yanasema..."

"Mwenye aliandika alikuwa mwanaume, mwenye alicheza alikuwa kijana mwanaume. Leo ni mimi."

Polycarpe, aliyekuwa amejiegemeza ukutani, ndiye aliyejibu. "Maman iko na haki. Tucheze."

Tulifungua maonyesho Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa sababu zamani michezo ile ilichezwa mchana. Mama alikuja, ingawa sikuwa nimemwambia mchezo unahusu nini. Alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani.

Donatien akauliza. Ghislain akauliza. Polycarpe akauliza.

Moshi ule ule ukanifikia puani.

Safari hii sauti haikuniita mimi.

"Emmanuella... ulikubali."

Ukumbi mzima uliisikia. Mama akasimama. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo.

"Ile neno nilisema juu ya mutoto," alisema. Sijawahi kumsikia mama na sauti ile. "Leo ninaiondoa. Sikukuwa mulozi. Sikubali! Unasikia? Sikubali!"



Kisha mbao za jukwaa zikalia... moja... nyingine... kama mtu mzito anayeondoka bila haraka. Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Baridi ikaingia.

"Na mimi sikubali," nikasema, na watu wote wakasimama wakipiga makofi, wengine wakilia.

Kwenye basi la kurudi nyumbani mama aliangalia nje.

"Wenye walikuja kunikamata Walungu walikuwa watatu," alisema mwishowe. "Nilijua majina yao yote. Lakini kila mara nilihesabu, nilipata wanne."

Nilimshika mkono. "Mwenye alisema leo... ni yeye?"

"Ni yeye. Sauti yake haijazeeka hata kidogo."

Basi likasimama, watu wakashuka, wengine wakapanda. Mama aliwatazama mmoja mmoja mpaka mlango ulipofungwa.

"Munacheza tena lini?" akauliza.

"Kesho, mama."

"Uniwekee kiti ya mbele."